Henry Darcy, Mhandisi Aliyeyafuata Maji Ndani ya Bomba

Henry Darcy alizaliwa tarehe 10 Juni 1803 mjini Dijon, mashariki mwa Ufaransa. Mji huo si mgeni kabisa kwa Wakatoliki. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alizaliwa mwaka 1090 katika kijiji cha Fontaine, ubavuni mwa Dijon, na Mtakatifu Elizabeti wa Utatu alifariki mwaka 1906 katika monasteri ya Wakarmeli ya mji huohuo. Darcy hakuwa mtawa, wala hakuna aliyemtangaza mwenye heri. Alikuwa mtumishi wa serikali na mtu wa ndoa, aliyeshinda siku zake kati ya ramani, mitaro na mabomba. Hata hivyo, kila tunapofungua koki ya mradi wa maji ya mserereko huku Karagwe au Kyerwa, maji yanayotoka, au yanayokataa kutoka, yanafuata kanuni ambayo yeye ndiye aliyeitafuta kwa subira kuliko wote waliomtangulia.

Baba yake, aliyekuwa mtumishi wa idara ya kodi, alifariki mwaka 1817, kijana akiwa na miaka 14. Mama yake alibaki na watoto wawili wa kiume, Henry na Hugues, na alijibana ili wapate walimu wazuri. Jitihada hiyo haikupotea. Mwaka 1821 Henry aliingia École Polytechnique ya Paris, na miaka miwili baadaye akaingia shule ya serikali ya wahandisi wa madaraja na barabara. Alipohitimu angeweza kutafuta makuu katika mji mkuu, lakini alirudishwa kazini nyumbani kwao, naye akaona ni neema. Mwaka 1828 alimwoa Henriette Carey, binti wa familia ya Kiingereza iliyoishi Dijon.

Dijon ya wakati ule ilikuwa na makanisa mazuri na maji mabaya. Watu walichota katika visima vifupi vilivyochimbwa karibu na mashimo ya taka na vyoo. Kijito cha Suzon kilichopita mjini kilikuwa kimegeuzwa mfereji wa uchafu. Aliyezoea kuona foleni ya madumu wakati wa kiangazi, na watoto wanaochelewa shule kwa sababu ya ndoo moja, hahitaji kuelezwa zaidi. Kwa karne kadhaa wakuu wa mji walikuwa wakiahidi maji na kushindwa. Kisima kirefu kilichimbwa katikati ya mji. Maji yalipatikana chini, lakini hayakupanda kwa kiasi cha kutosha. Mwaka 1832 kipindupindu kikaipiga Ufaransa, na suala la maji likaacha kuwa jambo la kujadili kwa starehe.

Mwaka 1834 Darcy aliwasilisha pendekezo lake. Aliacha kuhangaika na visima vya mjini, akaelekeza macho kwenye chemchemi ya Rosoir iliyoko bondeni mwa Suzon, mbali na mji lakini juu kuliko mji. Kwanza alipima chemchemi, akitaka kujua inatoa kiasi gani na kama haikauki wakati wa ukame. Kisha alipima mwinuko wa ardhi kutoka chanzo hadi mjini. Ndipo alipochora mfereji uliofunikwa, wenye urefu wa kilomita 12.7, ambao ungeyaleta maji kwa mteremko tu, bila pampu hata moja, hadi kwenye tenki lililojengwa ukingoni mwa mji. Tarehe 6 Septemba 1840 maji ya Rosoir yaliingia Dijon, yapata mita za ujazo 8 kila dakika. Katika miaka iliyofuata mabomba ya kusambazia yaliendelea kulazwa chini ya mitaa hadi yakafikia takriban kilomita 28.

Wenyeji wa nyanda zetu wanaielewa kazi hiyo kuliko watu wa tambarare. Vilima vya Karagwe na Kyerwa ni migongo mirefu yenye mabonde kati yake, na mara nyingi watu wamejenga juu na chemchemi zinabubujika chini. Palipo na chanzo kilicho juu kuliko kijiji, hiyo ni zawadi ambayo haipaswi kuchezewa, kwa maana uzito wa maji wenyewe unafanya kazi ambayo mahali pengine inafanywa na dizeli au umeme. Kila mita 10 za kushuka huyapa maji yaliyosimama ndani ya bomba msukumo unaokaribia ule wa hewa yote inayoulemea uso wa bahari. Hesabu hiyo ni rahisi. Ugumu huanza pale maji yanapoanza kutembea, na tutalirudia jambo hilo.

Vilula 142 vya umma viliwekwa Dijon, takriban mita 100 kutoka kimoja hadi kingine, na mtu yeyote aliruhusiwa kuchota bila kulipa. Umbali huo haukutokea kwa bahati. Darcy alishikilia kwamba maji yakiwa mbali na mlango wa maskini, maskini atatumia machache, na ugonjwa utarudi. Alitaka maji yatolewe bure kadiri inavyowezekana, na gharama ibebwe na mji mzima. Msomaji anaweza kukumbuka kwamba mwaka 2015, katika waraka Laudato si', Papa Fransisko alifundisha kuwa kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Mhandisi wa Dijon alikuwa amelichora wazo kama hilo kwenye ramani ya mitaa miaka 175 kabla. Ni kweli kwamba katika vijiji vyetu mchango wa watumia maji ndio unaonunua koki na kumlipa fundi, na asiyetoa mchango huo anaudhoofisha mradi. Lakini mwenye kupanga bei ya ndoo angefanya vema kufikiri kwanza juu ya bibi anayeihesabu shilingi yake mara mbili.

Mji ulipotaka kumlipa Darcy kwa kazi hiyo, alikataa. Kwa haki angeweza kudai fedha nyingi, kwa kuwa usanifu ule haukuwa sehemu ya ajira yake ya kawaida. Alipokea nishani ya dhahabu, na akakubali jambo moja zaidi: apewe maji ya bure nyumbani kwake maisha yake yote. Sijui mfano mwingine wa mkandarasi aliyelipwa kwa maji yaleyale aliyoyaleta.

Kuhusu reli tutasema kwa ufupi. Darcy alipigania njia ya reli kutoka Paris kwenda Lyon ipite Dijon, ingawa vilima vilidai handaki la zaidi ya kilomita 4 huko Blaisy, na mwishowe njia ikapita hapo. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1848. Wakuu wapya waliona kwamba mtu anayependwa hivyo na wenyeji ni hatari kwao, wakamwondoa Dijon na kumpeleka Bourges. Kwa mtu aliyeukataa mji mkuu kwa ajili ya mji wake, hilo lilikuwa pigo. Lakini hakukaa Bourges muda mrefu. Mwaka huohuo aliitwa Paris kusimamia maji na barabara za mji huo, na uhamisho ule ukampa fursa ambayo Dijon isingeweza kumpa.

Tangu ujana wake kulikuwa na jambo lililomsumbua. Vitabu vya wahandisi vilikuwa na kanuni ya kukadiria maji yatakayopita katika bomba la urefu fulani na unene fulani. Msingi wa elimu hiyo ulikuwa wa zamani. Mwaka 1628 mtawa Mbenediktini, Benedetto Castelli, alichapisha huko Roma kitabu juu ya kupima maji yanayotembea, akieleza kwamba wingi wa maji hupatikana kwa kuzidisha upana wa njia na mwendo wa maji. Mwanzoni mwa karne ya 19 mhandisi Mfaransa Gaspard de Prony alitoa kanuni ya mabomba iliyotumiwa kila mahali. Kanuni hiyo ilikuwa na kasoro moja. Ilichukulia kwamba ukuta wa ndani wa bomba hauna neno. Bomba la kioo na bomba la chuma lenye kutu vilihesabiwa sawa.

Darcy hakuamini. Kati ya mwaka 1849 na 1851, kwenye mitambo ya maji ya Chaillot mjini Paris, alilaza mabomba zaidi ya 20 ya aina mbalimbali: ya risasi, ya kioo, ya chuma kilichopakwa lami, ya chuma cha kusubu kipya, na ya chuma kilekile kilichokwisha kutumika hadi kikaota maganda ndani. Jembamba kuliko yote lilikuwa na kipenyo cha milimita 12 hivi, na nene kuliko yote nusu mita. Mengi yalikuwa na urefu unaokaribia mita 100. Katika kila moja alipitisha maji kwa mwendo tofauti, akapima msukumo mwanzoni na mwishoni, akaandika, akabadilisha, akarudia. Majaribio yalikaribia 200. Si kazi ya kusisimua kuitazama. Ni kama kuhesabu mbegu za kahawa moja moja, lakini bila hiyo hakuna anayejua mavuno.

Alichokithibitisha ni kwamba ukuta una neno, tena kubwa. Maji yakipita karibu na ukuta mkwaruzo hupoteza msukumo wake njiani. Bomba linapozeeka na kuota kutu na maganda, upotevu unaongezeka hata kama kwa nje halionekani kubadilika. Kwa mabomba ya chuma ya zamani Darcy alishauri upotevu uhesabiwe mara mbili ya ule wa bomba jipya. Maana yake ni kwamba, kwa mteremko uleule, bomba hilo litapitisha chini ya robo tatu ya maji liliyopitisha lilipolazwa. Mhandisi anayepanga kwa kipimo cha bomba jipya anawaahidi watu maji ya miaka michache tu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lionekane. Chemchemi iko mita 60 juu ya kilula cha mwisho, na kati yake kuna kilomita 3 za bomba laini lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50. Likipitisha lita 1 kwa sekunde, msuguano utakula takriban mita 20 kati ya zile 60, na kilula cha mwisho kitakuwa na nguvu ya kutosha. Wakiongezeka watumiaji na bomba likatakiwa kupitisha lita 2 kwa sekunde, upotevu hauongezeki mara mbili bali unakaribia mara nne, na kuvuka mita 60 zote zilizopo. Maji hayatafika kama yalivyotarajiwa. Na kama mtu, kwa kubana matumizi, angelaza bomba lenye nusu ya kipenyo hicho akitaka lita ileile moja, upotevu ungekuwa takriban mara 32. Nusu ya kipenyo si nusu ya bomba. Hapa niongeze tahadhari kwa kamati zinazonunua vifaa: bomba la plastiki hutajwa dukani kwa kipenyo chake cha nje, na unene wa ukuta hupunguza nafasi ya maji.

Mfano huo unagusa ugomvi unaojulikana sana vijijini. Mradi unazinduliwa, maji yanafika hadi kilula cha mwisho, watu wanashangilia. Baada ya miaka michache nyumba za juu zinaunganishwa moja baada ya nyingine, na wa chini wanaanza kuamka usiku kuchota kidogo kinachodondoka. Maneno yanaanza: kamati imeuza maji, fundi amefunga koki kwa makusudi, ukoo fulani unapendelewa. Pengine ni kweli. Lakini pengine hakuna aliyeiba kitu, na kinachotokea ni kile Darcy alichokipima Chaillot, yaani kila tawi jipya linaongeza mwendo wa maji katika bomba kuu, na msukumo wa wale wa mwisho unaliwa njiani. Kumtuhumu jirani kwa kosa la msuguano ni dhambi ya kusingizia, hata ikifanywa na mtu mwenye kiu ya kweli.

Afya ya Darcy ilipodhoofika, aliruhusiwa kupunguza majukumu na kurudi Dijon. Huko, mwaka 1855 na 1856, alifanya majaribio mengine yaliyompa jina kubwa kuliko yote. Alisimamisha mtungi mrefu wa chuma, akaujaza mchanga, akapitisha maji toka juu hadi chini. Aligundua kwamba maji yanayopita yanalingana na tofauti ya msukumo kati ya juu na chini, na yanapungua kadiri tabaka la mchanga linavyozidi kuwa nene. Sheria hiyo aliichapisha mwaka 1856 katika kitabu chake juu ya vilula vya umma vya Dijon, tena ndani ya nyongeza mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo. Leo hakuna anayepima maji ya ardhini, mavuno ya kisima au mafuta yaliyomo ndani ya miamba bila kuitumia. Matokeo ya Chaillot yalichapishwa mwaka 1857, na mwaka huo akachaguliwa katika Akademia ya Sayansi ya Ufaransa.

Alikuwa Paris alipopata homa ya mapafu, akafariki tarehe 2 Januari 1858, akiwa na umri wa miaka 54. Alizikwa Dijon. Kiwanja kilicho karibu na tenki lake la kwanza kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Kazi aliyoiacha katikati, ya kupima maji katika mifereji ya wazi, ilikamilishwa na msaidizi wake Henry Bazin, aliyeichapisha mwaka 1865.

Kanuni ya mabomba tunayoitumia leo hubeba majina mawili, la Darcy na la Mjerumani Julius Weisbach, aliyeipa umbo lake mwaka 1845. Kwa bomba moja inatosha karatasi na kalamu. Lakini mtandao wa kijiji una matawi, tenki, koki na mizunguko, na kila badiliko la mahali pamoja linagusa pengine pote. Mwaka 1936 profesa Mmarekani Hardy Cross alionyesha njia ya kuukokotoa mtandao kwa mkono, kwa kukisia na kusahihisha tena na tena hadi hesabu zikubaliane. Kazi hiyo ya siku nyingi sasa inafanywa na kompyuta kwa sekunde chache. Programu iliyoenea zaidi, EPANET, ilitolewa mwaka 1993 na wakala wa serikali ya Marekani unaolinda mazingira, nayo hupatikana bure. Programu za aina hiyo hiyo hukokotoa hata mafuta yanayopita katika mipira ya greda na trekta, ambamo msuguano hugeuka joto na kuichosha mashine.

Mhandisi huchora kijiji kwenye kioo cha kompyuta, akaweka chanzo, tenki na kila bomba, kisha akauliza: tukiunganisha nyumba 40 upande huu, kilula cha shule kitapata nini saa 12 asubuhi? Anapata jibu kabla hata mtaro haujachimbwa. Ni msaada mkubwa sana. Lakini kabla ya kujibu, programu inadai urefu wa kila bomba, kipenyo chake cha ndani, mwinuko wa kila mahali, na ukwaruzo wa ukuta. Kwa swali hilo la mwisho kompyuta haina macho. Ikiambiwa kwamba bomba la miaka 30 ni jipya, itaamini, na itachora maji mengi mahali ambapo watu watakuta vumbi.

Majibu ya maswali hayo wanayo watu wachache: fundi aliyelilaza bomba, mzee aliyechimba mtaro kwa nguvu za wananchi, katibu wa jumuiya ya watumia maji mwenye daftari. Mara nyingi daftari limepotea na mzee amezikwa. Tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2019 iunde RUWASA, maji ya vijijini yana wahandisi wake wilayani, na jumuiya za watumia maji ndizo zinazoendesha miradi. Mhandisi akija na kompyuta yake, jumuiya iwe na haya mkononi: mwaka ambao kila bomba lililazwa, ni la chuma au la plastiki, lilipasuka wapi na lini. Viwepo pia vipimo viwili ambavyo hata vijana wa parokia wanaweza kuvichukua kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu: sekunde zinazohitajika kuijaza kwenye kilula cha kwanza, na sekunde zinazohitajika kwenye kilula cha mwisho, asubuhi wakati wote wanachota, na tena usiku wa manane wakati wamelala. Usiku, koki zikiwa zimefungwa, dira ya kwenye tenki ikiendelea kuzunguka kwa kasi, basi maji yanavuja au yanachukuliwa kwa siri. Ikitulia, na cha mwisho kikawa na nguvu usiku lakini kikakauka asubuhi, kamati haina wa kumshtaki, na fedha za mfuko zielekezwe kwenye bomba nene zaidi.